Koti la Jeshi Ulilolipindua

Baba Riziki,

Nakusalimu kutoka Kilibula. Sijui kama huko uliko barua hufika, lakini wewe ulikuwa mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa karanga, kwa hiyo hii nayo utaisoma. Usinicheke mwandiko. Naandikia juu ya meza ya mashine yako ya kushona, na meza hii unajua mwenyewe ina mguu mmoja mfupi ambao kila Krismasi uliahidi kuutengeneza.

Nimevaa koti lako. Nimelivaa tangu asubuhi, nimekwenda nalo sokoni na kurudi, na joto la leo ni lile la kabla ya mvua, ambapo hata ziwa linaonekana limechoka. Jirani yetu muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, aliniuliza kama naumwa. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukiwajibu watu: joto ni la mwili, koti ni la heshima. Akanipimia ndagala, akaongeza kiganja kimoja juu. Nafikiri alikukumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ya koti hili hili. Tangu ulipotuacha ilibaki kidogo tu liondoke nyumbani, na likiondoka lingefumuliwa, na kazi yote ya mikono yako iliyo ndani yake ingekwenda na nyuzi. Tulia nikusimulie.

Unakumbuka lilivyokuja? Nilikuwa nimefungua baloti, robota zima la makoti, pale kwenye meza yangu ya mitumba Mulongwe, wateja wamenizunguka, kila mmoja anavuta mkono wa nguo asiyoijua. Chini kabisa likatokea hili. Koti la jeshi. Si jeshi letu wala la jirani zetu, ni la nchi fulani ya mbali yenye baridi, na la zamani, lililoshonwa pengine wakati baba zetu hawajaoa. Mifuko minne, vifungo vya chuma vyenye picha iliyofutika, kijani kile ambacho mtu wa hapa akikiona hata kwa mbali anabadilisha njia. Nililisukuma chini ya meza kwa mguu. Hapa kwetu mtu akivaa kijani cha namna ile, wenye bunduki wa kila upande humwuliza swali moja: wewe ni wa nani? Na hakuna jibu linalowaridhisha wote.

Nililileta nyumbani nimelifunika kwa kitenge, nia yangu nilichome pamoja na takataka. Wewe ukaninyang'anya. Ukalinusa, ukalisugua kwa kidole gumba, ukalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Uso wako ulikuwa kama wa mtoto aliyepewa sukari. Ukasema, "Mama Riziki, hii koti haina kosa. Kosa iko mu macho ya bantu. Nipe wembe."

Ulilifumua lote. Vipande ukavitandaza juu ya mkeka, mkono hapa, mgongo pale, kola peke yake kama sikio la mbuzi. Ukaniita nione: kitambaa kilikuwa na nyuso mbili, nje kijani cha jeshi, ndani rangi ya udongo uliolowa. Ukalishona upya, nje likaingia ndani na ndani likatoka nje. Mifuko minne ikawa ya siri. Vifungo vya chuma ukavitoa, ukaweka vyeusi vya kawaida. Lilipokwisha lilikuwa koti la raia mwema, la mtu anayelipa kodi na kuimba kwaya. Hakuna askari ambaye angelitazama mara mbili.

Ila lilibaki na kituko chake. Wasio mafundi hawajui kwamba koti ukilipindua, kushoto kwake kunakuwa kulia. Matundu ya vifungo yaliyokuwa upande wa wanaume yanahamia upande wa wanawake. Fundi mwenye kujiheshimu huyaziba matundu ya zamani kwa mkono, sindano ndogo, polepole, kisha hukata mapya upande wa pili. Ulimfanyia hivyo mwalimu wa Riziki. Ulimfanyia hivyo mchungaji, na mpaka leo mchungaji hajui kwamba koti lake la Jumapili ni la kupinduliwa. Lako mwenyewe ukaliacha. Mwanamume mzima, fundi wa kujulikana Mulongwe nzima, koti lako linafungwa kike.

Nilikuambia. Nilikuambia mpaka nikachoka. Ukanijibu, "Miye iko na kazi ya bantu. Ya yangu itangoja." Nikasema haya, kinyozi hajinyoi. Basi ikangoja mpaka tukakuzika.

Walivyokucheka, jamani. Kwaya nzima ilikucheka. Siku ile tulipokwenda Kamanyola kuwasalimu ndugu zako, kwenye kizuizi cha barabarani, yule askari kijana alipokuona unahangaika na vifungo alikuuliza, "Papa, hii koti iko ya weye ao ya bibi yako?" Wewe ukamjibu bila haraka, "Iko ya siye bote, mwanangu." Askari akacheka mpaka akaegemea bunduki yake, akafungua njia, hata mizigo hakuigusa. Mimi nilicheka tukiwa tumefika mbali.

Halafu kulikuwa na ile baiskeli. Watu wote wananunua baiskeli za kiume, zenye bomba la juu, wewe ukarudi na ya kike, nyekundu, yenye kikapu mbele. Ukasema bei ilikuwa nzuri. Na mwavuli wenye maua. Ukasema mvua haitazami maua. Mimi nilidhani nimeolewa na mtu asiyejua kuchagua, nikamshukuru Mungu kwamba angalau mimi alinichagua vizuri.

Sasa nikuambie ya matanga.

Ulipofariki, ndugu zako walikuja kutoka Kamanyola kwa wingi, na sikuwaona vibaya, walilia kilio cha kweli. Shemeji yangu Byamungu, kaka yako mkubwa, alilala hapa uani muda wote wa msiba, akipokea watu, akigawa viti, sauti imemkauka. Si mtu mbaya. Nataka ujue kwamba naandika hivyo bila kulazimishwa na mtu.

Ila siku zile zile za msiba aliliona koti lako limening'inia msumarini. Akaligusa, akatazama ndani, akaona kijani na mihuri ya zamani. Akapiga picha kwa simu, akazituma. Baada ya muda akaja kijana kutoka Bujumbura, anaitwa Landry, ana miwani na viatu safi mno kwa barabara zetu. Kazi yake ni kutafuta nguo za kale za jeshi. Anasema wapo watu mbali huko wanaozikusanya na kuzitundika nyuma ya kioo, kama sisi tunavyotundika picha ya harusi, na wapo vijana wanaozivaa mjini kila siku kwa kujionyesha. Alipoona kitambaa kidogo chenye maandishi ulichokihamishia upande wa ndani wa kola, sauti yake ilipanda. Alisema, "Papa, ya namna hii haipatikane tena. Balishona kidogo tu, kisha balibadilisha." Akamwambia shemeji atalinunua siku hiyo hiyo litakapokuwa mkononi mwake, na kwamba atalipeleka kwa fundi alifumue na kulirudisha lilivyokuwa mwanzo.

Nilimsikia nikiwa jikoni. Nilikuwa nachuja chai. Nilichuja ile ile mara ya pili.

Baba Riziki, nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Lile koti lilikuwa na harufu yako bado. Si manukato, hukuwa mtu wa manukato. Harufu ya chaki ya kuchoria nguo, mafuta ya mashine, na mahindi ya kuchoma uliyokuwa ukificha mifukoni ukidhani sijui. Usiku nililitandika upande wako wa kitanda. Na desturi ya kwenu unaijua kuliko mimi: siku ya kuondoa matanga, nguo za mwanamume huwekwa mkekani, ndugu zake wanagawana, na mjane hukaa ukutani na mikono magotini na hasemi neno. Akisema anaambiwa anapigania mali na mume hajapoa. Kwa hiyo nilijua litaondoka na nitalitazama likiondoka.

Siku ikafika. Tulipika sombe ya majani ya muhogo na ndagala, bugali ya kutosha, kasiksi ya ndizi ikaja kwa madumu. Watu wakala. Kisha mkeka ukatandazwa. Suruali zako zikaenda, mashati yakaenda, viatu vyako vya kanisani vikaenda kwa mtoto wa Byamungu ambaye vinampwaya. Nilikaa ukutani. Riziki alinishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kuoga ziwani. Landry alikuwa amesimama karibu na lango, anangoja kwa adabu.

Byamungu akalichukua koti. Unajua tena kwamba vazi la mwisho la marehemu, mkubwa wa ukoo halikunji na kulibeba tu. Analivaa pale pale, analifunga mpaka kifungo cha mwisho, watu wote wakiona, ili aliyekufa ajue nani sasa amebeba mabega yake. Akalivaa. Likamkaa vizuri, siwezi kusema uongo, nyinyi ndugu mna mabega mamoja. Akaanza kufunga. Mkono wa kulia ukatafuta kifungo, ukakuta tundu. Wa kushoto ukatafuta tundu, ukakuta kifungo. Akaanza upya. Akafunga kimoja, kikaenda kando, kola ikapanda upande mmoja hadi sikioni. Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Byamungu akainama kutazama tumbo lake kama mtu aliyeambiwa kuna mdudu.

Ndipo dada yenu Mapendo akasimama. Wifi yangu unamjua, mdogo kwa umbo, lakini akisimama mkutanoni hata mbuzi wanaacha kula. Alisema polepole, "Byamungu, vua. Hii koti iko ya mwanamuke. Angalia vifungo. Nguo za mwanamuke hazigawanywe mwenyewe akiwa muzima."

Byamungu akasema hapana, kila mtu alimwona marehemu akilivaa. Mapendo akamjibu, "Bote balimuona, na bote balimucheka juu ya kuvaa koti ya bibi yake. Weye mwenyewe ulimucheka pa Noeli. Sasa leo unataka tukucheke weye?"

Kicheko kikaanzia kwa wazee, kikashuka, kikafika mpaka langoni. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani humu tangu tulipokuzika, na Byamungu mwenyewe alishindwa, akacheka huku machozi yanamtoka, akalivua, akanipa mkononi. Kisha wakaulizia baiskeli. Mapendo akasema, "Baiskeli ya kike, nyekundu, na kikapu. Ya nani?" Watu wakasema ya mama. Mwavuli? Una maua. Wa mama. Mashine hii ninayoandikia juu yake? Ina jina langu kwa rangi nyekundu, MAMA RIZIKI, ulilipaka mwenyewe mwaka tulipoinunua, nami nilidhani ni mapenzi tu. Kwa sababu hiyo sijatoka na mikono mitupu kama wajane wengine ninaowajua. Nina kazi mezani na baiskeli mlangoni.

Watu walipoondoka tulibaki mimi na Mapendo tunaosha sahani. Nikamwambia, wifi, Mungu amekutumia, kumbe uzembe wa ndugu yako umetuokoa. Akaacha kuosha. Akasema, "Uzembe? Weye uliishi na ile muntu miaka yote ile, ukaona anashindwa kukata matundu ya vifungo?"

Akanieleza. Baba yenu alipokufa, wewe ukiwa kijana, ndugu zake walikuja na kugawana mpaka blanketi. Mama yenu alibaki na kitenge alichovaa. Mapendo anasema ulimfunika mama kwa shati lako la shule, na ukasema neno moja tu, kwamba mke wako hatafanyiwa hivyo. Hukuwa na nguvu ya kubishana na desturi, na hukupenda ugomvi. Ukatafuta njia ya fundi. Kila kitu kizuri kilichoingia nyumbani ulihakikisha ni cha kike, ukakitumia wewe, ukachekwa nacho barabarani miaka na miaka, ili siku yako ikifika kusiwe na mtu wa kukiweka mkekani. Ukamwambia Mapendo peke yake. Ulipokuwa hospitalini ulimkumbusha tena, ukashindwa kumaliza sentensi, akakuambia amesikia.

Nilikaa chini pale pale bombani, kwenye maji. Nililia, Baba Riziki, kuliko nilivyolia kaburini. Kaburini nililia kwa sababu umeondoka. Pale nililia kwa sababu ulikuwepo, wakati wote ulikuwepo, na mimi nacheka pamoja na kwaya.

Kwa nini hukuniambia? Nimekuuliza swali hili mara nyingi, nikifagia, nikipanga mitumba. Jibu ninalopata ni kwamba ningekuzuia. Ningesema usijidhalilishe kwa ajili ya mwavuli. Na ni kweli ningesema hivyo, unanijua, na mdomo wangu huu siri ingekuwa sokoni kabla ya adhuhuri.

Landry alirudi. Safari hii alikuja kwangu, akavua viatu mlangoni, nikampa chai. Kijana mzuri, mama yake alimlea. Aliomba alione koti tena, nikampa. Alipindua ukingo wa chini, akatazama mishono yako kwa muda mrefu, akasema fundi huyu hakukata hata mahali pamoja, kila kipande ni kizima, ni ajabu. Nikasikia kiburi, acha tu. Kisha akanisihi, kama siuzi, basi angalau nisilivae. Alisema jua na jasho vinaliua, kitu kama hiki hutundikwa mahali pakavu na hakiguswi. Nikamwambia, mwanangu, aliyekufa ni mume wangu, koti bado li hai. Na tena koti hili limevaliwa tangu siku lilipoingia hapa, likitundikwa litadhani limekosa nini. Akacheka, akanywa chai yake, akaniachia namba ya simu. Namba nimeifunga kwenye kitambaa cha nyuzi zako. Sitaipiga.

Kwa hiyo nalivaa. Kiwiko cha kushoto kimeanza kuonyesha mwanga, nitakitia kiraka. Mikono nimeipunguza kidogo tu, nimekunja bila kukata, kama ulivyonifundisha. Na jambo moja linanisumbua, nalo ni kwamba hakuna anayenicheka. Napita Mulongwe, napita mbele ya kanisa, watu wananisalimu tu, maana ni mwanamke aliyevaa koti la kike. Natamani mtu mmoja acheke. Ningejua unapita pamoja nami.

Habari nyingine za nyumbani ni hizi. Ziwa limepanda tena, limekula vibanda vya chini, lakini sisi huku juu tuko salama. Paka wako anakutafuta bado chini ya mashine. Kwaya imepata mtu wa sauti yako, ana sauti nzuri, anaimba kama aliyelipwa.

Na Riziki amepata mchumba. Ni kijana wa Mulongwe, anatengeneza pikipiki, ana kazi ya mikono kama wewe. Wazazi wake wameshabisha hodi, wanataka siku ya kuja kuzungumza. Byamungu atakuja kukaa mahali pako, tumepatana, hatuna kinyongo. Watauliza mahari, watauliza dini na ukoo, hayo nawaachia wanaume. Mimi nina langu.

Nakuahidi hivi, Baba Riziki, na ahadi hii naitia saini kwa jina lililoko kwenye mashine. Kabla sijasema ndiyo, nitamwita yule kijana siku ya jua kali, aje na rafiki zake wote wa gereji. Nitampa kinu na mchi, nimweke uani karibu na lango ambapo kila apitaye anaona, atwange sombe ya mchana. Watamcheka, wanaume wa Kilibula tunawajua. Akiweka mchi chini, ataenda na baraka zangu na bila binti yetu. Akiendelea kutwanga huku wanacheka mpaka sombe iwe laini, nitainuka nimpe mkono wa Riziki mwenyewe, kwa niaba yako.

Pumzika, mume wangu. Huna kazi ya watu tena.

Mimi wako,
Mama Riziki